Mahali Alipofagia Mama Santa

Waliokuwapo siku ile, Jumanne tarehe 14 Machi 2023, katika shamba la migomba nyuma ya nyumba hii hapa Buwenge, ni marehemu mwenyewe Mama Santa Adong, mume wake Mzee Geresom, mama mkwe wake Bibi Nakisige, jirani zetu Kulusumu na Nuriat, Siraje mume wa Nuriat, Nabifo aliyetoka Mbale alfajiri, afande Lawrence wa polisi, wapimaji wa kampuni, na akina mama wa kijiji ambao wengi wao wamekaa hapa mbele yetu. Tunaanza na siku hiyo kwa sababu wengi mlimjua mama kwa siku hiyo, lakini alikuwa na maisha mengi kabla yake, na familia imeomba yasomwe kwa Kiswahili, ambacho ndugu zake wa Kitgum, watu wa Mbale na sisi wa Busoga sote tunakielewa, na ambacho yeye alikitumia kazini.

Mama Santa alizaliwa tarehe 2 Novemba 1963 huko Kitgum, akasoma shule ya msingi hukohuko mpaka darasa la saba, akabatizwa na kupata kipaimara, na mwaka 1984 alijiunga na kazi ya magereza, akapangiwa Mbale, alikohudumu miaka mingi. Alikuwa askari mkali wa sauti tu. Nabifo, aliyefungwa kwa muda mfupi akiwa na mtoto mchanga, anakumbuka kwamba siku ya kuachiliwa kwake mvua ilikuwa inanyesha, mama akavua koti lake la kazi, akamfunika mtoto, akamwambia, "Wewe, usinirudishie hili koti hapa, sitaki kukuona tena kwenye hili geti," na Nabifo hajarudi, ila koti analo mpaka leo.

Tarehe 19 Agosti 1989, kanisani Mbale, alifunga ndoa na Mzee Geresom, askari mwenzake, Msoga wa hapa Buwenge, na mwezi Mei 1990 walipata mtoto wao wa kwanza, msichana, wakamwita Brendah. Mtoto alishikwa na surua, akafariki Mbale tarehe 9 Januari 1991, wakati baba yake amepelekwa kazini Karamoja. Mzee Yakub, mfanyabiashara wa vitunguu, ndiye aliyewaleta hapa Buwenge kwa lori lake, akashusha magunia yake barabarani apate nafasi, akamkalisha mama mbele na mtoto kifuani, na njia nzima, kila aliposimamishwa na polisi, alisema kwa sauti ndogo, "Mtoto amelala, tupisheni," na hakuna aliyemfunua.

Kwa desturi ya ukoo huu, mama aliyefiwa na mtoto mchanga hafuati kaburini wala haonyeshwi alipozikwa, asije akaacha kuzaa. Kwa hiyo Mama Santa alifungiwa ndani pamoja na wanawake, wanaume watatu wa ukoo wakambeba mtoto wakaingia naye migombani, wakarudi wakanawa mikono, na hapakuwekwa saruji wala jiwe. Baba wa mtoto alifika baada ya maziko. Mwaka uliofuata mama aliomba sana aonyeshwe, mpaka Bibi Nakisige akamwonyesha mahali karibu na jiko, kati ya migomba miwili, na tangu hapo kila alipokuja likizo alipafagia, hata kabla ya kunywa chai. Mungu akawapa Jude mwaka 1993, mama akahamishiwa Jinja mwaka 2002, wakapanga nyumba Bugembe, akastaafu mwaka 2018, akarudi Buwenge moja kwa moja, na kila asubuhi ufagio wake ndio tuliousikia kwanza. Jude alipooa na kupata binti, mama aliomba aitwe Brendah, na alipombeba mgongoni alikuwa akifika pale karibu na jiko anasimama kidogo, kama mtu anayewatambulisha wageni wawili.

Mwaka 2021 walikuja watu wa kampuni, wakasema itajengwa mitambo ya umeme wa makaa ya mawe, makaa yatatoka mbali kwa malori, maji yatavutwa kutoka Jinja, na kwetu hapa patakuwa mahali pa kumwaga majivu. Walipigilia vigingi vyenye rangi nyekundu mpaka nyuma ya jiko. Tulishangaa, maana bwawa la umeme tunalo karibu, nyaya zinapita juu ya vichwa vyetu, na bado jioni tunawasha kibatari, lakini kilichomuuma mama ni pale mkutanoni, aliposema ofisa wao kwamba makaburi yote yenye saruji yatahamishwa kwa heshima. Mama alisimama akauliza, "Na watoto wetu?" Ofisa akajibu, "Watoto gani, mama? Sisi tumepita kote, hatukuona kitu." Mama alikaa chini, akafunga leso yake upya, na wiki nzima baada ya hapo alikwenda nyumba kwa nyumba, akinong'ona na wanawake peke yao.

Ndipo ikaja Jumanne ile. Wapimaji walipoingia na vyombo vyao, mama alitoka jikoni, akakaa chini palepale anapofagia, akanyoosha miguu. Kulusumu akatandika mkeka wake chini ya mgomba mwingine, kisha akaja mwingine, na mwingine, kila mmoja akakaa pake, pale alipoonyeshwa kwa siri kwamba pana mtoto wake, mpaka shamba hili na lile la jirani yakajaa wanawake, na sisi tuliokuwa tukilima humo kila msimu tukajua kwa mara ya kwanza tulikuwa tunalima juu ya nani. Bibi Nakisige alikaa mahali pamoja, akainuka, akakaa pengine, akainuka tena, akakaa pa tatu. Nuriat naye alikwenda kukaa karibu na mpaka, ingawa mume wake Siraje hakuwahi kusikia habari ya mtoto yeyote. Siraje alisimama akamtazama, akaenda nyumbani, akarudi na mwavuli, akaushika juu ya kichwa cha mke wake mpaka jioni. Nabifo alipika uji, akapeleka kikombe kwa kila mmoja, hata kwa wapimaji.

Mpimaji mmoja alimwambia mama, "Mama, toka hapo, tunapima." Mama akasema, "Pima tu, bwana. Andika kwamba hapa pana mtu." Kulusumu akadakia, "Na hapa andika wawili, mapacha, usije ukawachanganya, mama yao mwenyewe walimchanganya!" Wanawake wakacheka, kisha kicheko kikakatika, wakalia. Alipoletwa afande Lawrence kuwaondoa, alimkuta mama ambaye alimnywesha uji utotoni, alipokuwa anakulia katika nyumba za askari kule Mbale. Alivua kofia, akasema, "Afande mama, nimetumwa." Mama akamjibu, "Fanya kazi yako, mwanangu, na mimi niko kazini." Lawrence akaenda akasimama mwisho wa shamba, akatugeuzia mgongo, akakaa hivyo mpaka wapimaji walipopakia vyombo vyao. Tangu siku ile wanaume wa hapa huingia migombani wakikohoa kwanza, kama wanaoingia nyumba ya mtu, na wapo ambao hawajaweza kupiga jembe tena. Kesi ikafunguliwa Jinja, na bado inaendelea.

Mama alianza kuugua kisukari mwaka jana, kikaingia kwenye figo, akatibiwa Jinja, kisha Mbale, na akafariki huko Ijumaa tarehe 6 Juni 2025, akiwa ameomba jambo moja tu, alazwe ubavuni mwa Brendah. Jana Siraje na Jude walichimba kando ya pale anapofagia, kwa uangalifu, wasimguse mtoto, na walipofika chini walikuta ubavu wote wa shimo ni udongo mgumu ambao jembe halijawahi kuufungua. Wakafukua taratibu kwa mikono. Hapakuwa na mtoto. Bibi Nakisige alipoitwa alilia, akasema, "Mimi sikuonyeshwa. Waliozika walinificha, na wote wamekufa. Nilimpa pale ili akipika awe anamwona." Mzee Geresom akashika mkono wa mama yake, akasema ulikuwa wema, na akaagiza jambo hili lisomwe leo bila kufichwa. Mama atalala palepale. Kampuni imetaka kila familia ionyeshe makaburi yake, na wakituuliza Brendah yuko wapi tutasema hatujui, na kwa kuwa hatujui, hakuna mahali katika shamba hili ambapo tunaweza kumwambia mtu achimbe.

Tunawashukuru madaktari wa Jinja na Mbale, na yule muuguzi aliyevua sweta lake akamvika mama usiku wa mwisho, tunawashukuru askari wa magereza waliombeba, majirani Waislamu kwa Wakristo waliolala nje nasi, Mzee Yakub aliyefika kwa mkongojo, na afande Lawrence. Afande mama, zamu yako imekwisha, lala salama, mtoto tutamlinda sisi popote alipo.

Leo asubuhi, kabla hamjafika, Mzee Geresom alichukua ufagio wa mama, akaanza pale karibu na jiko, na hakuacha mpaka alipofika mpakani mwa shamba.