Wiki ya Pangani Iliyokosa Mnunuzi

Ndugu zangu wa Bagara, na ninyi mliotoka Nangara, Bwana apewe sifa asubuhi hii. Mimi ni Mama Neema. Wengi mnanijua kwa maandazi, lakini leo nimesimama kwa ajili ya mume wangu.

Baba Neema alipostaafu ualimu alinunua haki ya kukaa wiki moja kila mwaka kwenye nyumba za mapumziko za kampuni fulani kule Pangani. Walimwambia hiyo ni mali, akiichoka atauza. Ndugu zangu, hata kabla hatujaenda alitaka kuiuza tupate ng'ombe wa maziwa, ndipo tukazijua sheria zao. Anayenunua kwa kampuni anaogelea kwenye bwawa, anapanda boti, anabadilisha wiki apendavyo. Anayenunua kwetu anapata kitanda tu, na ada ya matunzo analipa vilevile. Nani ataichukua yetu, wakati kampuni yenyewe bado inauza mpya? Mtu mmoja wa Sigino alimwambia, "Mwalimu, hata ukinipa bure nitaomba nikafikirie kwanza." Mimi nilicheka. Yeye hakucheka.

Mtu aliyefundisha nusu ya mji huu akaanza kupita njia za nyuma. Chakula akawa anakula chumbani peke yake. Kanisani akaacha kuja. Ndugu zangu, niliogopa kumpoteza akiwa hai, ndani ya nyumba yangu. Nililia huku nakanda unga, nikamwambia Mungu: ng'ombe basi, nirudishie mtu wangu.

Siku ya mavuno nilimbembeleza, akaja. Mnaujua mnada wetu baada ya ibada: kuku, ndizi, mahindi, mtu ananunua kisha anarudisha kitu kinadiwe tena. Mama Elia, ndiye anayenadi, akamwita. "Baba Neema, shikamoo. Umetuletea nini?"

"Marahaba. Sina kitu, mama. Nina wiki tu, nayo haitakiwi."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama Elia akamuuliza kama kampuni inaruhusu kupeleka wageni. Akasema inaruhusu. Basi akaichukua ile wiki ya mwaka huu, akaanza kuinadi kama anavyonadi jogoo. Fundi baiskeli akainunua, akairudisha. Mchungaji akainunua, akairudisha. Mwishowe wanafunzi wake wa zamani wakachanga, wakaichukua. Mmoja wao akasema, "Mwalimu, sasa ni yetu. Na wageni tunaowapeleka ni wewe na mama."

Tulienda. Kule Pangani mume wangu alikula nami meza moja, akanishika mkono, akaniomba nimsimulie habari za kwaya.

Sheria za kampuni ni zilezile, na wiki yetu hadi leo haina mnunuzi. Lakini Mungu ni mwema, namshukuru mbele yenu. Wewe mwenye mtu aliyejifungia nyumbani kwa aibu, mwamini Bwana, umlete hapa hata akija mikono mitupu. Wangu ni yule pale, benchi la akina baba, mwenye koti la kijivu. Mkitoka, msalimieni.