Oma Stidham, Nta Yake na Kidole Gumba Chake

Bi Oma Stidham anastaafu Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi katika Ngome ya Laurel Fork, ambako wageni huja kuona maisha na bunduki za zamani. Ofisi iliniomba niandike maneno matamu ya kumuaga. Matamu yapo, nitayasema. Lakini nimefanya naye kazi tangu siku nilipoajiriwa hapa kuwa fundi wa bunduki, na sitaandika uongo katika jarida lenye picha yake.

Alianza kazi jikoni, akiwapikia wageni maharage na mkate wa mahindi. Siku moja aliona wapiga shabaha wetu wakitemea mate vitambaa vya kufungia risasi ili ziteleze ndani ya magobori yao. Aliwacheka hadi wakaona haya, kisha akarudi nyumbani kuchukua nta ya mizinga ya marehemu mumewe. Tangu hapo hadi mwaka huu, hakuna aliyepaka risasi kitu kingine katika ngome hii.

Aliyeyusha nta kwenye sufuria iliyokalia maji ya moto, akatia shahamu ya kondoo na mafuta kidogo ya zeituni, akachuja kwa kitambaa cha pamba. Kiangazi alizidisha nta isije ikachuruzika. Baridi ikiingia alizidisha shahamu. Aliyethubutu kuweka nta juu ya moto mtupu alifukuzwa na mwiko. Nguo zake zilinuka kondoo mwaka mzima, na kanisani benchi lake halikuwa na mgombea. “Mungu ana pua pana kuliko nyinyi,” alikuwa akituambia.

Sasa nifike kwenye lililonikera.

Mashindano ya shabaha ya Mei mwaka huu yalikaribia, na nta haikutosha. Nyuki wengi walikuwa wamekufa wakati wa baridi. Meneja wetu, Dorsey Combs, ambaye ameshika gobori tangu utotoni na anajua vizuri sana alichokifanya, alichanganya nta ya mishumaa ya dukani na grisi ya mashine, akatia rangi ya manjano. Akaujaza mchanganyiko huo kwenye makopo yenye jina la Oma. Hakumwambia yeye. Hakuniambia mimi.

Grisi ya namna hiyo ikiungua na baruti nyeusi huacha utando mzito kama lami ndani ya mtutu. Harlan Noe, mmoja wa wapiga shabaha wetu, alipiga mara chache tu, kisha risasi yake ikakwama katikati. Alisukuma mdeki, ule ufito wa kushindilia risasi, kwa nguvu zake zote, ukagoma. Kila mpiga gobori anajua kwamba risasi isiyokalia baruti inaweza kupasua mtutu. Lakini Harlan alikuwa anaongoza, na jua lilikuwa limemchosha. Akauchomoa mdeki, akaweka fataki ya kuwashia baruti, akainua bunduki.

Oma alikuwa amesimama kando ya kamba. Aliruka kamba, akamfikia.

“Harlan! Shusha hiyo, mpumbavu wewe!”

“Niache, Shangazi! Imebaki moja tu!”

Harlan alikuwa keshaanza kuvuta kifyatulio. Oma akapenyeza kidole gumba kati ya kinyundo na fataki. Kinyundo kikaangukia kidole. Sote tulisikia mfupa ukilia, bunduki haikulia.

Kidole kikivuja damu, Oma aliokota kopo la Harlan, akalinusa, akaenda nalo moja kwa moja hadi kwa Dorsey.

“Nani kaandika jina langu hapa?”

“Bi Oma, taratibu. Watu wanatazama.”

“Acha watazame! Nimekuuliza, nani?”

“Nyuki hawakutosha, mama. Ningefanyaje?”

“Nyuki wakipungua, makopo yapungue! Na kama uliona uchafu huu ni mzuri, mbona hukuandika jina lako?”

Dorsey akageuka kuwatuliza wageni.

Bodi ya ngome ilikutana, ikaita jambo lile “ajali”. Makopo yaliondolewa, naam. Meneja alibaki kitini. Oma ndiye aliyetakiwa kuwaomba radhi wageni kwa lugha yake kali. Hapo Harlan, ambaye ni mtu wa maneno machache, alisimama, wakamwambia aketi, akainua viganja vyake mbele ya mabwana na mabibi wale.

“Mnaiona mikono hii miwili? Na macho haya? Bila yule mama msingekuwa mnaniambia niketi.”

Hawakumwambia tena aketi. Lakini hawakubadili neno. Kesho yake Oma aliwaarifu kwamba atastaafu mwishoni mwa Septemba. Mwenyekiti alimfuata nyumbani kumsihi abaki angalau mwaka mmoja zaidi. Alimsikiliza akiwa barazani, akamkaribisha chai, akamjibu: “Kazi nimeipenda, bwana. Nyinyi ndio mmenishinda.”

Na mimi nimewashindwa, naondoka pia. Kuanzia Jumatatu nitakuwa na karakana yangu barabara ya Pigeon Creek, na juu ya mlango kutakuwa na jina moja tu la nta, la Oma, kwa idhini yake mwenyewe. Harlan ameshaleta shahamu.

Bi Oma, asante kwa risasi zote zilizokalia baruti salama, na kwa mikono yote inayoshika vijiko leo kwa sababu yako. Pumzika vizuri, nyuki wako waongezeke, na usimwombe radhi mtu yeyote.

Garnet Whisman, fundi wa bunduki