Kitambaa cha Klimatizeri

Katika taksi ya kutoka Mbugangari, mtaa wa Gisenyi, kwenda mpaka wa Goma, Ndahiro, fundi wa frigo na mashine za baridi, alikaa karibu na mama mmoja aliyekuwa akikisema kiyoyozi chake kama mtu anavyomsema mkwe.

"Régis, mutoto wangu, alinitumia klimatizeri. Sasa inanguruma tu, baridi hakuna, inamwaga maji mpaka chini. Naenda Goma kumwita mutu ainunue."

Ndahiro hakuuliza Gisenyi, yenye upepo wa ziwa, inatafutia nini baridi. "Filtre, kile kichujio cha hewa, unasafisha, mama?"

"Kila siku ya posho, kila Jumamosi."

"Na mbele yake iko nini?"

"Kitambaa. Nilifuma mi mwenyewe. Radio iko na yake, televizioni iko na yake. Nitaacha zawadi ya mutoto uchi?"

Ndahiro alimeza kicheko. Kwao hata thermos ilivaa kitambaa. "Bon, mama, inapumulia pale pale. Hewa ikikosa njia, ndani inaganda barafu, kisha barafu inayeyuka. Toa kitambaa, usiuze."

Taksi ilisimama karibu na mpaka. Mama alishuka, lakini badala ya kuelekea Goma, akainama dirishani.

"Fundi, na nikifuma ingine, ya matundu makubwa?"