Lori la Vitalis Linalotoa Maji

Benchi la kahawa la Mwanne liko Mikumi, kushoto ukitokea Morogoro, jirani na maegesho ya malori. Wakaao hapo nawataja kwa majina yao ya kweli, kwa kuwa ya kijiweni hubadilika: Kasian, fundi redio, aitwaye Injinia, Kelvin wa bodaboda, aitwaye Dumu, maana huwapelekea dizeli madereva waliokwama hifadhini, na Vitalis, dereva, aitwaye Masafa. Jumanne ile Vitalis alishika simu. Lori lake la zamani limeuzwa. Tajiri wake analeta la haidrojeni, na alitaka jibu kabla ya saa nne: alipokee, au apewe mwingine.

— Usiguse, Masafa, alisema Kasian. Hiyo gesi. Ukipiga breki kwenye mteremko wa Kitonga, unapaa.

— Mke wangu anapikia gesi, mbona hajapaa?

— Hajabeba tani thelathini.

— Nasikia halitoi moshi, alisema Kelvin. Linatoa maji kwa nyuma.

Mwanne aliacha kumimina.

— Maji? Basi liegeshe hapa nikinge ndoo! Bomba letu wiki ya pili linakohoa tu.

— Ndiyo balaa lenyewe, Mama, alisema Kasian. Kiangazi hiki, tembo wanuse maji? Utaingia Iringa na kundi zima nyuma.

— Na trafiki akinisimamisha?

— Faini. Umezidisha abiria.

Tulikuwa bado tunacheka alipofika Sesilia, mke wa Vitalis, na kapu la mchicha.

— Shikamoo, mzee, aliniamkia.

— Marahaba, Sesilia.

Alisikiliza kidogo, kisha akamgeukia mumewe.

— Hiyo gesi ikikuishia katikati ya hifadhi, Kelvin atakuletea kwa dumu?

Wote tulimtazama Kelvin. Kelvin alilitazama dumu lake la njano, limefungwa nyuma ya pikipiki.

— Haikai kwenye dumu, shemeji, alisema taratibu.

Vitalis alipiga simu.

— Tajiri, nalipokea. Ila likizimika hifadhini, nampigia nani?

Alisikiliza kwa muda mrefu.

— Kasemaje? aliuliza Sesilia.

— Nimpigie yeye.

— Aje na nini?

— Hajui. Kasema atakuja tukae wote mpaka msaada ufike.

Mwanne alitikisa birika. Lilikuwa tupu.

— Basi apitie hapa kwanza, nimfungie kahawa ya watu wawili. Na atafikaje huko?

Kelvin alikuwa ameshaanza kulifungua dumu nyuma ya pikipiki, tajiri apate pa kukaa.