Mama Damaris Nyaboke: Miaka Thelathini na Moja ya Chai na Kahawa Bila Kuonja

Mama Damaris Nyaboke, mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda chetu cha chai hapa juu ya Magwagwa, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya utumishi wa miaka thelathini na moja. Muda huo wote amepika chai na kahawa kila siku ya kazi. Muda huo wote hajaonja tone la chai wala la kahawa. Wageni wakiambiwa hivyo hudhani ni porojo. Si porojo, na anayeandika hapa ndiye shahidi wa kwanza.

Jambo hilo ndilo lililoifanya kamati ya kuaga wastaafu ikutane mwaka huu mara nyingi kuliko bunge. Kiwandani kwetu kuna desturi ya kikombe cha mlangoni. Kila anayestaafu husimama kwenye mlango wa kantini, hupewa chai iliyotoka kwenye majani ya wiki hiyo hiyo, huinywa yote mbele ya wenzake, kisha hugeuza kikombe juu chini. Kikombe kisipogeuzwa, watu husema huyo hakuagwa, alitoroka tu. Sasa mtu asiyekunywa atageuza kikombe gani? Swali hilo tutalirudia. Kwanza kazi yake.

Mama Damaris alilelewa chini ya kilima cha Nyanchwa, karibu na kanisa la Wasabato kiasi kwamba kengele ilikuwa inawaamsha hata kuku wao. Asubuhi kwao walikunywa uji wa wimbi, jioni maji ya moto na limau. Wako Wasabato wengi wanaokunywa chai, na wengine humu kiwandani ndio wanaoimaliza. Yeye alilishika fundisho la kanisa kuhusu mwili, linalokataza chai na kahawa, bila kulipunguza, na hakumhubiria mtu. Aliolewa huku Nyamira, kwenye boma lililozungukwa na chai pande zote, akawa anaichuma, anaiuza, anaipita. Kuinywa, hapana.

Alipokuja kuomba kazi mwaka 1994, Bwana Anyona, aliyekuwa akiandika wafanyakazi siku hizo, alimuuliza mtu asiyekunywa chai atajuaje kama sukari imetosha. Alijibu kwamba hata fundi wa majeneza hajalala ndani. Bwana Anyona alicheka mpaka akashika meza, akampa wiki moja ya majaribio. Lakini alimwonya kwamba siku wafanyakazi watakapolalamika, hiyo ndiyo itakuwa siku yake ya mwisho.

Walilalamika siku ya kwanza.

Hapo ndipo mimi ninapoingia. Nilikuwa napasua kuni za boila, ule mtambo wa mvuke wa kukaushia majani, na bila kujisifu, gogo la mkaratusi nilikuwa nalipiga shoka mara moja tu, vipande vinajipanga vyenyewe. Mama Damaris alitazama nje ya dirisha la jikoni, akaniona, akaniita nije nionje. Hakujua kwamba mimi ni mtu wa kule chini, upande wa Kisii, ambako mama yangu alipanda mibuni kabla ya kupanda mahindi. Mimi nimelelewa na kahawa. Niliponyonya, nadhani maziwa yenyewe yalikuwa na rangi.

Nilionja nikamwambia chai ni nyepesi. Akaongeza majani. Nikaonja tena, nikasema bado ni nyepesi. Akaongeza. Tulipomaliza, kijiko kilikuwa kinasimama chenyewe ndani ya sufuria. Mimi niliifurahia. Watu wa chumba cha kuchambulia chai, ambao kazi yao ni kuijua chai, waliirudisha. Bwana Momanyi, ambaye sasa ndiye meneja wetu na wakati huo alikuwa karani mgeni, aliimaliza kwa adabu. Alasiri hiyo alipiga deki ofisi yote peke yake, kisha akavuka barabara akaanza kupiga deki duka la watu.

Bwana Anyona alikuja jikoni na uso wa kufunga hesabu. Mama Damaris aliomba siku moja tu. Kesho yake aliniita tena, akanipa kikombe, akaniangalia usoni jinsi watu wanavyoangalia mawingu. Nikasema nyepesi. Safari hii hakuongeza kitu. Alifunika sufuria akasema, "Mose, ulimi wako umeegemea upande mmoja, lakini umeegemea vizuri. Kuanzia leo ukisema nyepesi, nitajua imetosha. Ukisema nzuri, nitajua nimeharibu."

Chai ya siku hiyo hakuna aliyeirudisha. Mzani unaokosea kila siku kwa kiasi kile kile bado ni mzani, na mimi nikawa mzani wa kantini mpaka leo. Nimepanda vyeo, nimetoka kwenye kuni nikafika kwenye boila, lakini kazi ya ulimi sijawahi kuiacha. Chai ile harufu yake ilikuwa inashuka mteremko mpaka wachumaji wa shamba la chini wananyoosha migongo bila kupigiwa kengele. Ng'ombe wa jirani alivunja ua mara mbili. Mwenye ng'ombe yuko hai, aulizwe.

Mwaka uliofuata nilileta kahawa ya nyumbani, iliyotwangwa na mama kwenye kinu, nikaomba sufuria ya pili. Wapo walioona ni aibu kupika kahawa ndani ya kiwanda cha chai, kama kuingia kanisani na kitabu cha nyimbo cha dhehebu lingine. Mama Damaris alisema tu kwamba mafiga yako sita na sufuria moja inahitaji matatu. Tangu hapo kantini imekuwa na pande mbili. Karibu na dirisha hukaa watu wa chai, yaani ofisi, mizani na uchambuzi. Karibu na jiko hukaa watu wa kahawa, yaani boila, kuni na madereva wa malori. Upande wa chai husema kahawa ni kinywaji cha watu wenye hasira. Sisi husema chai ni maji yaliyosikia habari za majani. Kahawa hiyo ilikuwa na nguvu. Nilimwaga kikombe kimoja karibu na boila kwa bahati mbaya, na mshale wa presha ukapanda kabla sijaongeza ukuni.

Pande zote mbili zimetumia miaka kumvuta Mama Damaris aseme ipi ni bora. Joyline wa mapokezi alimuuliza kwa upole, Nyabuto wa malori alimuuliza kwa ujanja. Jibu lake halijabadilika: yeye anapenda ile inayoisha sufuriani.

Jumamosi ni siku yake ya ibada, kwa hiyo siku hiyo jiko hushikwa na Nyabuto. Ndiyo maana humu kiwandani kitu chochote kibaya, iwe gari lisilowaka au mvua ya mawe, huitwa chai ya Jumamosi. Nyabuto amelizoea jambo hilo na hata yeye hulitumia.

Historia ya utumishi wake haikamiliki bila siku ya Mzee Nyangate. Mwaka mmoja malori yalikuwa yanachelewa kufika kwenye kituo cha kununulia chai cha kijiji chake, majani yakawa yanaungua kwa joto ndani ya magunia huku wakulima wamesimama. Mzee Nyangate, aliyekuwa msemaji wao, alikuja na wazee wenzake kutangaza kwamba kijiji kizima kitapeleka majani yake kiwanda kingine. Walizungumza na wakubwa tangu asubuhi. Mwishowe walielewana, ikabaki kunywa chai pamoja ili neno likae. Kwetu Gusii makubaliano yasiyofuatwa na kinywaji ni makubaliano ya barabarani.

Mama Damaris alimimina. Mzee Nyangate akakishika kikombe, hakukiinua. Akasema, "Mama, anza wewe." Hakuwa na ubaya. Ni desturi ya wazee wetu kwamba aliyepika huonja kwanza mbele ya mgeni, mgeni ajue amekaribishwa kwa moyo safi. Mtu yeyote angepiga funda moja mambo yakaisha. Mama Damaris alisema kwa heshima kwamba yeye hanywi. Mzee akaweka kikombe mezani. Wazee wenzake wakaweka vyao. Bwana Anyona alikuwa nyuma ya mlango, na shingo yake ilikuwa inasema wazi kwamba kazi ya mtu imekwisha.

Mama Damaris hakulia wala hakujitetea. Alitoka mlangoni akaita, "Mose! Acha boila, njoo!" Nilikuja na masizi mpaka masikioni. Akanikabidhi kikombe cha Mzee mwenyewe.

"Huyu ndiye nani?" Mzee akauliza.

"Ni ulimi wangu, omogaka, mzee wangu. Tangu nianze kazi hapa, hakuna kilichotoka jikoni mwangu bila kupita kwake. Nikipika kibaya, wa kwanza kuanguka ni yeye."

"Na asipoanguka?"

"Basi utakunywa."

Nilikunywa chote. Wazee walinitazama kama watu wanaosubiri mti uegemee upande gani. Mimi nilifanya nilichofundishwa. Nikasema, "Nyepesi, mama."

Bwana Anyona alifumba macho. Kumwambia mgeni kama yule kwamba chai yake ni nyepesi ni kumtukana mara mbili, yeye na majani yake. Lakini Mama Damaris alitabasamu, akamwambia Mzee, "Huyu ni mtu wa kahawa. Akisema nyepesi, imetosha. Karibu." Mzee Nyangate alitafakari, akaniangalia, akamwangalia yeye, kisha akacheka kicheko kilichotikisa vioo, na kimoja kina ufa mpaka leo. Alikunywa vikombe vitatu. Kijiji chake bado kinatuletea majani, na Bwana Anyona hakuulizia tena habari za sukari mpaka alipostaafu.

Sasa turudi kwenye kikombe cha mlangoni. Kamati ilipokaa, Bwana Momanyi alipendekeza chai iguse midomo tu. Nyabuto akapendekeza maji ya moto yenye rangi, kwa kuwa nani atajua. Nilitumwa mimi kumuuliza mwenyewe. Alikuwa anasugua sufuria ya kahawa, hakugeuka. "Nimekaa nanyi miaka hii yote sijawadanganya hata kwa kikombe. Nianze siku ya mwisho?" Kisha akaongeza kwamba tusihangaike, ataondoka kwa mlango wa nyuma kama siku nyingine, na ataagwa hivyo hivyo.

Nilipoyafikisha maneno hayo, kamati ilikataa. Mpishi aliyewamiminia wastaafu wote kikombe cha mlangoni hawezi kupitia mlango wa nyuma. Wazo lililotuokoa lilikuwa langu, ingawa Nyabuto anadai ni lake. Desturi inasema kikombe. Haisemi lazima kiwe cha chai. Tumeanza na chai kwa sababu hapa ni kiwanda cha chai, na kwa sababu hakuna aliyewahi kukumbuka kwamba Mama Damaris naye ana kitu anachokipenda. Tulibishana miaka thelathini kama angechagua chai au kahawa. Uji wa wimbi hakuna aliyeutaja, na hakuna aliyewahi kumpikia.

Kwa hiyo imeamuliwa hivi. Upande wa chai umeleta unga wa wimbi uliosagwa Magwagwa sokoni. Upande wa kahawa umeleta kuni. Mpishi ni mimi. Nimefanya mazoezi nyumbani, na uji wa kwanza ulikuwa na mabonge ambayo hata kuku waliyaruka. Wa pili kuku waliusogelea. Wa tatu mke wangu aliumaliza bila kusema neno, na wanaomjua wanajua hiyo ni tuzo. Sherehe itaanza saa tano asubuhi na kuisha mapema, kwa maana jua la Ijumaa likizama Sabato imeanza, na Mama Damaris hana mazungumzo na kiwanda.

Tulipompelekea habari hiyo alijipangusa mikono kwenye aproni, akasema amekubali, kwa sharti moja: aliyepika aonje kwanza.

Kwa niaba ya ofisi, mizani, uchambuzi, boila na malori, tunakushukuru Mama Damaris kwa kila asubuhi uliyotuwashia moto, na kwa kutuketisha chini ya paa moja tukiwa na vikombe visivyofanana. Tunakuombea afya, wajukuu wenye adabu, mvua ya kiasi na Sabato zenye utulivu. Nyabuto atashika jiko siku zote, na tunaomba pia utuombee sisi.

Ijumaa, mlangoni, nitainua kikombe chako mbele ya wote nipige funda la kwanza. Ulimi wangu haujabadilika. Nikisema ni nyepesi, Mama, kunywa.

Mose Nyasani, Boila