Pale Silva Ilipoishia

Karibu na gare ya Kindu, kituo cha treni, mbele ya jiko la kahawa la Jeannette, kuna benchi moja na wasomi wawili. Kasanda ni karani wa reli, anaitwa Horaire, yaani ratiba, ingawa treni haina saa. Twaibu ni fundi baiskeli, anaitwa Minisita kwa sababu ya kitambi. Wao na Jeannette, wote watatu, walikuwa darasa moja la Kilatini mwaka 1998, siku vita ilipoingia mjini. Mwalimu Tshimpaka alikuwa ubaoni akinyambua neno silva, yaani msitu. Maumbo manne yalikuwa yameandikwa. Mawili ya mwisho yalibaki kwenye chaki, hayakuandikwa. Sasa Jeannette, miaka arobaini na mbili, amejiandikisha kwa mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na mtihani ni Jumatatu. Aliwaomba wenzake hayo mawili tu.

— Silva, silva, silvam, silvae, akasema Kasanda. Njo mwisho.

— Kaka Horaire, mwalimu alisema sita, akasema Jeannette.

— Alisema sita mbele ya vita. Vita ilipunguza kila kitu.

— Kwanza ni Kilatini ya wapi? akaingilia Twaibu. Silva alikuwa Mureno, mwenye duka kule Kasongo. Babu yangu alinunuaka chumvi kwake. Waroma walikuja nyuma, wakakuta jina kwenye kibao.

— Waroma walifika Kasongo? akauliza Jeannette.

— Kama hawakufika, mapadri walitoka wapi?

— Uongo, akasema Kasanda. Neno lilipandia treni Kabalo. Mabehewa sita yalipakiwa, mawili yakabaki. Mimi ni mutu wa reli, najua.

Jeannette alichokoa makaa. Daftari lake lilikuwa na mistari miwili mitupu.

Kyakimwa, muuza vitenge aliyefika juzi kutoka Butembo, alishusha kikombe chake.

— Huyo mwalimu alikufa?

— Apana, akasema Twaibu. Iko Kailo. Analima mupunga.

— Na mulishaenda kumuuliza?

Twaibu akageukia kikombe chake. Siku ile ya vita wanafunzi wote walitorokea dirishani. Mwalimu, mwenye mguu mbovu, alibaki ndani. Alifika Kailo akichechemea, baada ya siku nane. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kwenda kumpa pole.

— Barabara ya Kailo ni mubaya, akasema Kasanda.

— Mubaya sana, akasema Twaibu.

Jeannette alimwagia makaa maji, akawanyang'anya vikombe vingali na kahawa, akafunga daftari ndani ya kitenge. Kisha akaita pikipiki ya kwenda Kailo.

— Utamwambia nini? akauliza Kasanda, bila kuinua macho.

— Kwanza pole. Halafu nitaona kama atanifungulia mulango.