Chungu cha Pili cha Mama Miiba

Mama Miiba alizaliwa tarehe 9 Agosti 1953, kitinda mimba wa fundi saa. Mama yake alikuwa akisema mtoto huyu alitoka amekunja ndita kama mkaguzi wa shule.

Alimaliza sekondari mwaka 1972, licha ya mwalimu mkuu kukalia mpungate wenye miiba aliouleta darasani. Alisomea ufundi wa maabara, akahitimu mwaka 1975.

Kuanzia 1976 hadi 2013 alikata mipungate kwa wembe, vipande vyembamba kama ndoto ya alfajiri, akavitazama kwa hadubini. Ndani ya seli, fuwele za kalsiamu zilimetameta kama nyota zilizosahau kuzama. Wasomi walipanda vyeo kwa vipande vyake. Yeye alipanda kigoda tu, aifikie hadubini.

“Kalsiamu hupanda na maji kutoka mizizini,” alikuwa akisema. “Ikishafika kwenye bapa, tawi pana la mpungate, haitoki tena. Bapa kuukuu limeshiba, changa lililo juu yake linakufa njaa.”

Tarehe 22 Novemba 1980 aliolewa na mwokaji mikate, aliyepinga hoja hiyo papo hapo: “Mzazi gani huyo? Lazima humgawia mwanawe!”

Walibishana zaidi ya miaka thelathini, huku wakilea mabinti pacha. Alipostaafu, Mama Miiba alipanda mpungate kwenye mchanga mtupu, dirishani jikoni, akaunywesha maji ya mvua tu, ukweli ujulikane. Mabapa machanga yakaanza kusinyaa. Mwokaji, moyo ukimuuma, akawa anasaga maganda ya mayai na kuyanyunyiza chunguni kwa siri. Mabapa yakanawiri. Mkewe akayatazama, akaenda kufua.

Februari mwaka huu alivunjika nyonga. Daktari alisema mifupa yake imeishiwa kalsiamu. “Haya, iko wapi?” akauliza mgonjwa. “Kuitafuta ndiyo kazi yangu.” Kisha mapafu yakamlemea.

Hapo mumewe aliungama. “Mke wangu, nimekuharibia kazi. Maganda ya mayai…”

“Baba Pacha, wewe na wizi wapi na wapi! Ukingo wote wa chungu umejaa alama za vidole vya unga.”

“Umenisamehe?”

“Chungu cha pili, kisicho na ganda hata moja, kiko dirishani, chumba cha kufulia. Miaka kumi na miwili hujawahi kukanyaga humo.”

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ndani ya mkono wa mwokaji.

Leo asubuhi mwokaji ameingia chumba kile. Mwanga ulikuwa umelala juu ya chungu: bapa kuukuu nene, machanga yamekauka nchani.

“Mama yenu ameshinda,” akawaambia mabinti. Kisha akaenda kuvunja yai.

Ameacha mume, mabinti pacha, wajukuu watatu na vyungu viwili, vyote sasa vikila maganda.

Apumzike kwa amani, Mama Miiba, ubishi umekwisha.